Kichuguu cha Mama Mukwe na Ndege ya Bwana Pamba

Ninyi vijana wa pikipiki mnaopakia mihogo kule Wamaza, mkipita Kabambare mnaona uwanda mrefu wenye majani mengi, mnafikiri ni shamba la mutu aliyechoka. Ni kiwanja cha ndege kile. Nilikifanyia kazi tangu nilipooa mpaka Wabelgiji walipofunga masanduku yao, na iko jambo moja la kazi ile ninataka niliseme wakati akili bado iko. Shule kwa mapadri nilikaa miaka miwili tu, kisha mbuzi za baba zikakosa muchungaji. Kwa hiyo mukiona nimepotea njia kidogo, ningojeni, nitarudi.

Watu walisema kazi ya kiwanja ni ya wavivu, kukata majani na kungoja posho. Waseme. Majani ya kiwanja iko na kipimo chake: vidole vine. Yakizidi, gurudumu linafungwa. Yakipungua sana, mvua inabeba udongo na mawe yanatoka kama meno. Unakata asubuhi na umande, kwa sababu jani lenye maji linasimama. Jua likipanda, jani linalala, unapiga kupekupe, lile panga refu la majani, mpaka bega linauma na jani linakutazama tu.

Aliyenifunza yote hayo ni Kapita Ramazani, musimamizi wetu, mutu wa Kasongo mjini, wa zile familia za Waislamu wa zamani. Kofia yake nyeupe haikuwahi kuona udongo, hata siku tuliyochimba mifereji. Tulikuwa watu kumi chini yake. Hakupiga mutu na hakutukana. Alikucheka tu, na kicheko chake kilikaa ndani ya mwili siku tatu.

Mara moja chokaa ilikwisha. Tulikuwa na mawe pembeni ya kiwanja, tunayapaka nyeupe ili rubani aone mwisho wa njia. Mimi nikajiona mwenye akili, nikachukua unga wa muhogo wa muke wangu Mwajuma, nikaukoroga na maji, nikapaka mawe thelathini. Yakang'aa kweli. Saa ya ndege kufika, mbuzi za kijiji kizima zilikuwa kiwanjani zinalamba mawe, na ndege iko inazunguka juu kama tai. Tulizifukuza mpaka tukakosa pumzi. Kapita akanijia taratibu, akasema, "Mwanangu, kesho uwaletee na chumvi."

Na ule mufuko wa upepo, ule mrefu wa mistari myekundu na myeupe unaoning'inia juu ya muti, siku moja ulipotea. Tukawasha moto wa majani mabichi ili moshi uonyeshe rubani upepo unakwenda wapi, na hiyo pia mujue, moshi haukosei. Baada ya wiki mbili Kapita akamukuta sokoni binti ya mwenzetu Amisi na gauni jipya la mistari. Akamwita Amisi pembeni: "Mutoto wako amevaa upepo wetu." Amisi akajibu, "Kapita, umemupendeza ao haukumupendeza?" Hata Kapita alishindwa kukasirika.

Nachekesha, lakini nilichotaka kusema hakichekeshi.

Iko mambo mawili Kapita Ramazani hakuyachezea. La kwanza, kutembea kiwanja. Kila siku ya ndege, kabla haijafika, sisi kumi tulisimama musitari mmoja, bega kwa bega na nafasi ya hatua tatu, viatu hapana, tukaanza kutembea kutoka mwisho huu mpaka mwisho ule. Jicho linaona majani tu. Wayo wa muguu unaona shimo, jiwe, muzizi, panya aliyechimba jana. Kila mutu alikuwa na njia yake na hakuibadilisha mwaka mzima. Tukifika kila hatua mia, Kapita anauliza toka pembeni, "Kwako?" Wa kwanza anajibu, "Safi." "Kwako?" "Safi." Mpaka wa kumi. Ukisema safi, Kapita harudii kutazama. Neno lako limekwisha kuwa udongo, ndege itakanyaga juu yake.

La pili ni mchwa. Kichuguu ukikikata juu na kukisawazisha, umefanya kazi ya mutoto. Wiki mbili na mvua, kimeota tena. Ni lazima uchimbe mpaka chumba cha ndani kabisa, kile kigumu kama chungu, ukivunje, umutoe mama ya mchwa. Ni mweupe, munene, urefu wa kidole, hawezi hata kutembea. Kapita alitaka kumwona kwa macho yake. Ulimuletea ndani ya jani, anafungua, anatazama, anasema "Vema", ndipo kichuguu kile kinahesabiwa kimekufa.

Sasa, mwaka mmoja wakubwa waliamuru kiwanja kirefushwe upande wa barabara ya Lusangi. Kila mutu akapewa njia yake mbele zaidi. Njia yangu mimi, ya sita, pale katikati kabisa, iliangukia kwenye kichuguu cha mama mukwe.

Ninyi wa leo mnanunua kumbikumbi sokoni kwa kopo, hamjui. Zamani kichuguu kilikuwa na mwenyewe kama vile shamba liko na mwenyewe. Kile kilikuwa cha mama yake mama mukwe, na cha mama ya huyo. Mvua za kwanza zikianguka, wao ndio waliofunika majani ya ndizi na kuweka taa, kumbikumbi wakatoka wakajaa vikapu. Mtu mwingine akigusa, ni kesi mpaka kwa sultani.

Na mama mukwe, kwetu, humuongeleshi uso kwa uso. Ukimukuta njiani unaingia majani mpaka apite. Miaka mitatu nilikuwa nimemuoa binti yake, sikuwa nimesikia maneno kumi kutoka kinywani mwake. Basi jioni moja anafika kwangu, anakaa mulangoni na mugongo umenigeukia, anaanza kusema na kuku.

"Kuku weye," anasema, "mwambie mwenye nyumba hii nimesikia kichuguu changu kitachimbwa."

Nikatazama chini. Nikasema, "Kuku, mwambie mama ni amri ya wazungu."

"Kuku, mwambie mimi sigombani na wazungu. Wakate juu, wasawazishe, ndege ipite. Lakini mama yake asitolewe. Ndani ya ile kichuguu ndimo nilimochota nguo ya Mwajuma ya kwanza. Mwambie nimeomba."

Mwajuma alikuwa jikoni, sufuria haikulia hata kidogo, ndipo nilijua anasikiliza. Ninyi mnaweza kusema, mwambie tu ndege inaweza kuanguka. Kupitia kuku? Mama mukwe asiyesema na wewe, siku anayoomba, unampa. Namna hiyo tulilelewa. Nikasema, "Kuku, mwambie mama nimesikia." Akainuka akaenda zake, wala maji hakukunywa.

Kesho yake nilikata kichuguu mpaka chini, nikasawazisha, nikapanda majani juu. Chumba cha ndani sikukigusa. Kisha nikaenda porini, mbali, kwenye kichuguu kisicho na mutu, nikachimba mpaka jua likasimama utosini, nikamutoa mama ya mchwa wa pale, nikamufunga ndani ya jani, nikamupelekea Kapita. Akafungua. Akasema, "Vema."

Ninawaambia ukweli, siku ile nilijiona mutu mwenye akili sana. Mama mukwe ameridhika, Kapita ameridhika. Hesabu yangu ilikuwa hii: kila asubuhi nitafika wa kwanza, nikate kichwa chake na jembe kabla hakijainuka, nikanyage, basi, mpaka msimu wa kumbikumbi upite. Na nilifanya hivyo. Mchwa walijenga, mimi nilibomoa, na hakuna aliyejua. Tena mwisho ule ndege zilifika zikiwa zimekwisha kupunguza mbio. Ziligusa chini upande wa pili, kwa sababu upepo wa kwetu unatoka karibu siku zote upande mmoja.

Ndege yenyewe iliyokuja mara nyingi ilikuwa ya Bwana Pamba. Alikuwa muzungu aliyenunua pamba za wanakijiji, mufupi, mwenye masikio mekundu. Ndege ilikuwa yake mwenyewe, ndogo, viti viwili, magurudumu mawili mbele na moja dogo nyuma chini ya mukia. Jina la Pamba tulimupa kwa sababu ya biashara yake, kisha tukaona linafaa hata kwa namna yake ya kushuka. Marubani wengine walitupa ndege chini kama gunia. Yeye ungesikia majani yanapigwa, fsss, halafu ungeona ndege inatembea, na hukujua ni wakati gani iligusa. Wanawake walikuja na watoto mugongoni kutazama tu hilo. Alijua tunamutazama. Akishuka alitugeukia, anauliza, "Ilikuwa muzuri?" Sisi, "Muzuri, Bwana." Anacheka kama mutoto aliyefaulu mtihani.

Basi kaka ya baba yangu akafa Lusangi. Nikaomba ruhusa ya kilio, siku mbili. Ndege ilitazamiwa siku ya ine, na mimi nitarudi kabla. Ninarudi asubuhi ya siku ya tatu, macho yamevimba, ninakuta wenzangu wako tayari kwenye musitari. Barua ilikuwa imefika, Bwana Pamba anakuja leo.

Hata jembe sikupata nafasi ya kushika. Nikavua viatu, nikaingia nafasi yangu.

Tulipofika mwisho ule, muguu wangu wa kuume ulikanyaga kichuguu kipya. Kimoja, kirefu kama kiganja kilichosimama, kimekaushwa na jua la siku mbili, kigumu kama tofali, na majani yamekifunika vizuri. Nikasimama nusu ya pumzi. Upande mmoja alikuwa Amisi, na toka pembeni Kapita anakuja na swali lake. Kama nikisema iko kitu, Kapita atachimba, atamukuta mama ya mchwa yuko muzima, yule niliyesema nimemutoa.

"Kwako?"

Wa tano akasema safi.

"Kwako?"

Nikasema, "Safi."

Ndiyo hiyo. Neno moja, na nilikuwa na wakati wa kutosha wa kusema lingine. Nilijiambia ndege itagusa upande wa pili, ikifika hapa itakuwa inatembea kama muzee. Kisha nikatazama mufuko wa upepo, nikaona umegeuka. Upepo ulikuwa unatoka upande usio wake. Bwana Pamba angeshukia upande wetu.

Nilikuwa bado na nafasi ya kukimbia kwa Kapita. Nilihesabu moyoni, ndege itapita juu yake, itapita kulia, itapita kushoto. Nikaisikia inakuja.

Alikuja vizuri kama siku zote. Ninasema hilo kwa sababu baadaye wengi walisema amekuja mbio. Hapana. Nilikuwa pale. Alikuja chini, taratibu, mukia unashuka, na gurudumu lilipokuwa linatafuta majani, likapata kichuguu. Ndege ikaruka juu, urefu wa nyumba. Mutu wa kazi ile anajua: ndege ikikuruka hivyo, uipe moto yote irudi angani, ao uishike bila haraka ishuke yenyewe. Wengine walikuwa wamekwisha kurukwa mara mia, wanajua. Yeye kwa ulaini wake hakuwahi kurukwa kiasi kile. Akashituka, akasukuma pua chini. Ikaanguka kwa muguu mmoja, muguu ukavunjika, panga la mbele linalozunguka likachimba udongo, ndege ikageuka ikalala chali kama mende.

Tulikimbia. Kapita alikuwa anapiga kelele, "Hakuna kiko cha tumbako, hakuna moto," maana mafuta yalinuka kila mahali. Bwana Pamba alikuwa amening'inia ndani ya mikanda, kichwa chini, damu inaingia machoni. Tukakata mikanda kwa kupekupe, akatuangukia. Mukono wake wa kushoto ulikuwa umevunjika mahali pengi. Hakulia. Alionyesha nyuma kwa mukono muzima, anasema kwa Kiswahili chake, "Iko nini pale? Pale iko nini?"

Kapita akamwambia, "Tulia, Bwana." Akanitazama mimi. Sijui kwa nini mimi.

Wakamupakia kwenye kipoyi, kile kitanda cha kubebwa begani, kisha gari, Kasongo. Kijiji chote kikaja kuona ndege iliyolala chali, miguu mia tatu juu ya majani yale, alama zote zikafutika. Jioni watu waliporudi nyumbani, Kapita alivua viatu, akatembea peke yake. Nilimwona akisimama kwenye njia ya sita. Akachukua jembe.

Alinikuta nimekaa nyuma ya nyumba. Akaweka jani juu ya goti langu, akalifungua.

"Ulinionyesha mama ya mchwa wa kichuguu kile," akasema. "Na huyu ni nani?"

Nikamwambia yote, na kuku, na mama mukwe. Hakucheka. Ndiyo mara moja niliona hacheki. Akasema, "Nikikupeleka, wanatufunga sisi wote, na fimbo kila mutu. Wewe na mimi tumekosa. Wale tisa?" Akafunga jani. "Nimekwisha kusawazisha. Yule muzungu hakufa."

Wakubwa wa ndege wakaja baada ya siku ine, watatu, na kamba ya kupimia. Karani akatuuliza mmoja mmoja kama kiwanja kilitembelewa. Kilitembelewa. Kilikuwa safi? Kilikuwa safi. Wakaandika kosa ni la rubani. Wakamunyang'anya karatasi yake ya kurusha ndege, na mabaki ya ndege yakabebwa na lori kama mabati.

Wazungu wenzake Kasongo walimucheka, tulisikia. Sisi tukafanya vibaya zaidi, tukamugeuzia jina. Watoto walipoona gari lake la pamba waliimba Bwana Chura, Bwana Chura, anaruka-ruka. Na mimi, ninawaomba radhi hata kusema, mara ya kwanza nilicheka. Kila mutu alikuwa anacheka, ningefanya uso gani? Aliendesha gari kwa mukono mmoja na nusu, na alisimamisha kila mutu kwa maneno yale yale: iko kitu kilikuwa pale. Ikawa kama ugonjwa. Watu walimuona anakuja, wanatafuta njia ingine.

Mama mukwe hakutuma kuku tena. Msimu ule kichuguu hakikutoa kitu, naye hakuuliza.

Miaka ikapita. Kapita Ramazani akapumzika, akahamia kwa ndugu zake Nyangwe, akafia kule. Mimi nikawa kapita. Ninawaambia hivyo ili mujue: wakati ule sikuwa tena na mutu wa kumulinda. Wale tisa wengi wao walikwisha kuacha kazi, na Wabelgiji wenyewe walikuwa wanafunga vitu vyao. Hakuna fimbo, hakuna boloko, ile jela yao. Hofu ilikwisha, mimi nikabaki na aibu peke yake.

Siku moja Bwana Pamba akasimamisha gari lake kiwanjani, gari bovu, limejaa masanduku. Akashuka. Masikio yalikuwa yale yale, nywele zimekwisha.

"Jambo, kapita."

"Jambo, Bwana."

"Mimi ninaenda kwetu. Sirudi." Akatazama majani muda mrefu. "Wewe ulitembea siku ile. Najua, ulikuwa katikati. Leo hakuna mutu ataandika, hakuna mutu atakufunga. Niambie mimi tu. Iko kitu kilikuwa pale?"

Vijana, nilifungua kinywa. Naapa nilifungua. Lakini niliona mukono wake, ulivyopinda, anaushika na mwenzake kama mutoto wa mutu. Nikaona miaka yote ile aliyokuwa anauliza watu, mimi nilikuwa nalima, nakula, nacheka. Neno likawa kubwa kupita mulango.

Nikasema, "Hakuna kitu, Bwana. Kilikuwa safi."

Akatikisa kichwa, si kwa hasira. Mabega yakashuka. "Basi ilikuwa mimi," akasema. "Siku zote nilimwandikia mutoto wangu kwamba udongo ulikosa. Ni mukubwa sasa, haniamini, tumegombana. Nitamuandikia alikuwa na haki." Akanipa mukono ule muzima. "Asante kapita. Ni vizuri kujua."

Kosa kama lile linalala kitandani mwako, munene kama yule mama ya mchwa, na linazaa kila siku. Mkikosa kazini, semeni siku ile ile, wakati kosa bado ni dogo kama kiganja.

Bwana Pamba akawasha gari mara tatu ndipo likakubali. Barabara ya Kasongo pale inapanda kilima kirefu, na gari lile lilichoka, lilipanda polepole mpaka wanawake wenye mizigo ya kuni walilipita. Mutu mwenye kutembea tu angelifikia. Nilikuwa na miguu mizuri wakati ule. Nilisimama na kupekupe mukononi, nikalitazama mpaka likafika juu, likaanza kushuka upande wa pili.